Ukifumba mdomo, meno bado yanaonekana

Wiki iliyopita mliuliza: "Meno yana nafasi gani katika sura ya mtu, na kuyatengeneza ni haja au ni anasa?" Najua wengi watakujibuni kwa kutaja tabasamu. Mimi naanza na mtu aliyefumba mdomo, maana huyo ndiye ninayemuona kila siku. Nina studio ya picha hapa Chake Chake, na kwa picha ya pasipoti mteja haruhusiwi kucheka. Hata hivyo aliyeng'olewa magego mengi namjua kabla hajasema neno. Shavu limebonyea, na taa inaacha kivuli chini ya mfupa wa shavu ambacho mwenzake wa umri huo huo hana. Aliyepoteza ya mbele, mdomo wake wa juu umeingia ndani na kujikunja kama kifuko kilichovutwa uzi.

Mamaangu alifika huko. Meno yake hayakuoza; fizi ndizo zilizougua, yakalegea, likatoka moja baada ya moja. Alisukutua maji ya karafuu miaka mingi. Karafuu hutuliza maumivu kweli, hata madaktari wa meno hutumia mafuta yake, lakini haishiki jino linalocheza. Alipovuka miaka 60 akawa kibogoyo kamili, na watu wakasema Bi Mkubwa kazeeka ghafla.

Hakuzeeka ghafla. Ule mfupa wa taya unaoshika meno huishi kwa kazi ya meno. Jino likitoka, mfupa huanza kupungua, na mwaka wa mwanzo ndio hupungua kwa kasi zaidi. Taya ya chini hupungua zaidi, kama mara nne ya ile ya juu. Tena magego yakikutana ndiyo yanayoizuia taya isipande; yasipokuwepo, mdomo hufunga kupita kiasi na kidevu kikaifuata pua. Ninazo picha zake mbili nilizompiga mwenyewe, zimepishana miaka kumi. Ukiziweka pamoja, utadhani uso wa pili umepunguzwa kwa mkasi.

Meno yake ya bandia ya mwanzo yalitengenezwa haraka, mahali ambapo sitapataja. Yalikuwa meupe kama chaki, yamelingana yote, na mafupi. Kijana akilegeza midomo, ncha za meno ya juu huchungulia milimita mbili tatu. Haya hayakuchungulia kabisa. Majirani wakasema "umependeza" kwa adabu tu. Yeye akayatia kwenye bilauri, akawa anayavaa siku za harusi.

Mara ya pili tulivuka kwenda Unguja, na neno la kwanza la daktari yule lilinifurahisha: leteni picha za ujana wake, zile anazocheka. Nilipekua makasha mpaka nikapata moja ya harusi ya mdogo wake. Daktari akaangalia urefu wa meno ya mbele, na jino moja lililompandia mwenzake kidogo. Safari iliyofuata akamvisha meno ya majaribio, yamepangwa kwenye nta, akamwambia, "Bibi, hebu hesabu sitini mpaka sabini." Kisha akamtamkisha "fufua" na "vifuu". Kwenye f na v, ncha za meno ya juu hugusa mdomo wa chini; yakiwa marefu au mafupi mno, sauti huharibika. Kwenye s, ya juu na ya chini hukaribiana bila kugusana. Mama alisema vifuu, vifuu, mpaka akacheka mwenyewe. Alitaka meupe zaidi, wakabishana, akashindwa. Jino la kupandia likawekwa vile vile, limepanda. Tuliporudi Pemba, dada yake alimpokea mlangoni akasema, "Ee, umerudi," na sote tulijua hasemi habari ya boti.

Meno ya bandia hayazuii mfupa kupungua, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa yalianza kucheza. Tukaambiwa kuna skrubu ya titani inayopandwa kwenye taya na mfupa ukashikamana nayo. Msweden Per-Ingvar Brånemark alimtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa njia hiyo mwaka 1965. Mama aliposikia bei akauliza, hilo ni jino au ng'ombe?

Basi kwangu mimi hiyo ni haja. Anasa naiona kwa vijana wanaosugua meno kwa mkaa na limau kabla ya kuja kupigwa picha. Ganda la nje la jino likikwisha halioti tena, na chini yake pana manjano. Wengine huulizia vile vigae vyembamba vya kauri vya kubandika mbele, na nyuma wana mapengo manne. Mara nyingi jino husagwa kwanza ili kigae kikae, na likishasagwa halirudi. Pesa hiyo ningeanza kuzibia mapengo.

Na mwanya je? Bi harusi mmoja aliniomba niufute kwenye kompyuta. Nikaufuta, kazi ya dakika tano. Siku ya pili bibi yake akaja na picha mkononi: "Mwanangu, huyu mjukuu wa nani?" Nikamchapishia nyingine bure.

Mmeomba msomaji aambatanishe picha yake. Niliyoituma inaonyesha upande wangu wa kulia. Upande wa kushoto nimeng'olewa magego matatu, na taa zangu mwenyewe nazijua.