Re: Kazi mpaka jumamosi, na bado nataka shoo, maigizo na mpira

Pole dada, nimekuelewa. Uko ofisini Moshi mpaka jumamosi mchana, alhamisi kuna shoo Arusha, ijumaa maigizo hapo hapo Moshi, jumapili mechi pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, na bosi keshaanza kukuuliza mbona unasinzia kwenye kompyuta.

Mi ningeachana na ya alhamisi. Shoo zetu unazijua, tangazo linasema saa moja, msanii anapanda saa nne, halafu una kama kilomita 80 za kurudi usiku na asubuhi saa mbili uko kazini. Kama huyo msanii unampenda kweli kweli, ongea na bosi mapema, ombeni mbadilishane zamu na mwenzako, halafu ulale Arusha kwa ndugu, usiendeshe gari usiku ukiwa umechoka, nakuomba sana, ile barabara ina malori na usingizi haupigi hodi.

Maigizo nenda, ni nyumbani na unawahi kulala. Mechi nayo haina shida, ikiisha tu toka uwanjani upande kosta kabla giza halijaingia vizuri, mambo ya kukaa kujadili penati acha, utayamalizia kwenye gari. Nguo za jumatatu piga pasi jumamosi jioni.

Ila kama hata wiki usiyotoka bado unasinzia mchana, hiyo siyo ratiba tena dada, nenda hospitali wakupime damu.