Anzia kwa mgonjwa, kisha shuka mpaka kwenye seli

Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka, simu yangu hupata kazi. Mtoto wa jirani amepangiwa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), binamu amepata nafasi ya stashahada ya uuguzi, mwingine anaanza utabibu hapahapa Moshi, na wote swali lao ni moja: baiolojia inasomwaje? Madesa wanayo tayari, tena mengi kuliko wanavyoweza kuyasoma. Mimi ni muuguzi, na kabla ya kukanyaga wodi nilipita njia hiyohiyo ya seli, jenetiki (urithi), fiziolojia (utendaji wa mwili) na hatimaye huduma kwa mgonjwa. Ninachowaambia wadogo zangu ni hiki: chukua mgonjwa mmoja, shuka naye mpaka kwenye molekuli, halafu panda tena mpaka kitandani kwake.

Najua mtaala haukupangwa hivyo. Darasani utaanza na mchoro wa seli wenye mishale kila upande. Miezi kadhaa baadaye itakuja jenetiki, na huduma kwa mgonjwa itafundishwa na mwalimu mwingine kana kwamba ni somo lisilohusiana na hayo ya nyuma. Basi vitu vinakaa kichwani kila kimoja kivyake. Mwanafunzi anapata alama za juu kwenye osmosisi (maji kupita kwenye utando), lakini ukimuuliza kwa nini dripu ina chumvi anakutazama tu.

Mfano ninaoupenda ni selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), ambayo mtaani wengi tunaiita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nayo, kwa hiyo ukisomea afya utakutana nayo tu. Pia ni ugonjwa ambao chanzo chake kinajulikana mpaka kwenye herufi ya DNA, na hilo linaufanya uwe mwalimu mzuri.

Anza hivi. Mtoto ana mwaka na nusu, analia, vidole vya mikono na miguu vimevimba, hataki kuguswa. Kwa nini anaumia? Kwa sababu damu haipiti vizuri kwenye mishipa midogo ya mifupa. Kwa nini haipiti? Seli nyekundu zimepinda kama mundu na kukakamaa, zinanasa njiani. Zimepindaje? Hemoglobini iliyo ndani yake, protini inayobeba oksijeni, ikishaiachia inashikamana na kujipanga nyuzi ndefu zinazosukuma utando wa seli. Kwa nini ishikamane wakati ya kwangu na yako haishikamani? Fungua ukurasa wa protini: kwenye mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo ya asidi amino inayounda hemoglobini, nafasi ya sita, asidi ya glutamiki haipo, imekaa valini. Glutamiki inapatana na maji. Valini inayakimbia, inatafuta pa kujibanza kwenye molekuli ya jirani. Na valini imetoka wapi? Kwenye jeni ya beta-globini, kromosomu ya 11, kodoni (herufi tatu za DNA) iliyopaswa kuwa GAG imekuwa GTG. Basi, umefika chini kabisa. Umepita mzunguko wa damu, seli, utando, protini, asidi amino na jeni kwa maswali machache ya “kwa nini”.

Sasa panda. Kupanda ndiko wengi hawakufanyi, na ndiko kunakokufanya uwe mhudumu. Kwa nini tunasisitiza huyu mtoto anywe maji mengi? Seli nyekundu ikipoteza maji, hemoglobini inasongamana ndani yake, na ikisongamana nyuzi zinajiunda haraka zaidi. Kwa nini tunamwambia mama amvalishe sweta ile Juni na Julai ya Moshi? Baridi inabana mishipa, damu inachelewa mahali ambapo oksijeni ni kidogo. Kwa nini mtoto alizaliwa mzima, akaanza kuugua baadaye? Mtoto mchanga anatumia hemoglobini ya tumboni, ambayo haina mnyororo wa beta. Inapopungua, kwenye miezi sita hivi, ndipo ugonjwa unajitokeza. Hapo utaielewa na dawa ya haidroksiurea bila kuikariri, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuongeza hiyo hemoglobini ya utotoni. Penisilini ya kila siku kwa mtoto mdogo ni kwa sababu wengu wake umeharibika mapema na kinga dhidi ya bakteria fulani imeshuka. Macho ya njano na upungufu wa damu vinatokana na seli kufa kabla ya wakati: seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya selimundu siku 10 hadi 20.

Ukishafika hapo, hata historia haitakuchosha. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika kuhusu seli za ajabu alizoonyeshwa kwenye damu ya mgonjwa. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba tatizo liko kwenye molekuli ya hemoglobini yenyewe. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti Afrika Mashariki, akaonyesha kwamba wenye jeni moja tu ya selimundu wana kinga fulani dhidi ya malaria. Swali la uteuzi asilia, yaani kwa nini sifa inayosaidia kuishi huenea kizazi hadi kizazi, ambalo watu hulijibu kwa twiga na shingo yake, unaweza kulijibu kwa damu za watu wa kwetu.

Jenetiki ndiyo inayowatisha wengi, nami nasema inatisha kwa sababu inafundishwa kwa njegere za Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, peke yake. Njegere ni sawa, zisomeni. Lakini jaribu kuieleza kwa mtu aliyebeba mtoto. Mama mmoja aliniambia, “Sista, kwetu huu ugonjwa hatuna. Mama mkwe anasema nimeuleta mimi.” Nikachukua karatasi, nikachora mraba wenye vyumba vinne. “Mama, wewe una jeni A moja, ya kawaida, na S moja, ya selimundu. Baba yake naye ana A na S, maana mmepima wote wawili. Ndiyo maana ninyi ni wazima. Mtoto amechukua S kwako na S kwa baba yake.” Akaitazama ile karatasi muda mrefu, akaweka kidole kwenye chumba cha SS, akauliza: “Kwa hiyo huyu ndiye wa kuumwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima?”

Hilo swali ni gumu kuliko yote niliyowahi kukutana nayo kwenye mtihani wa jenetiki. Jibu ni hapana. Kila mimba inaanza upya: uwezekano wa asilimia 25 kupata SS, 50 kupata AS, 25 kupata AA, haijalishi waliotangulia wakoje. Ukiweza kumweleza hivyo akaelewa, tena bila kumwacha na lawama wala hofu, jenetiki umeijua. Ukiweza kujaza vyumba vinne tu, bado. Na usisahau kwamba karatasi ile imemwondolea mzigo wa maneno ya ukweni. Hiyo nayo ni huduma kwa mgonjwa.

Ndiyo maana nashauri kila mada uieleze kwa Kiswahili kwa mtu asiyesomea sayansi. Tumesoma sayansi kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, na wengi tuna kipaji cha kutiririsha fasili tusizozielewa. Nenda kwa shangazi yako anayeuza ndizi Kiboriloni, mweleze kimeng'enya ni nini na kinafanya nini kwenye chakula alichokula mchana. Ukianza kung'ang'ana na maneno, pale ulipokwama ndipo pa kurudi kusoma. Diskasheni za usiku bwenini nazo zinasaidia, ila mara nyingi anayeongea sana ni mmoja na wengine wanatikisa vichwa.

Osmosisi usiisome kwa mchoro wa mirija peke yake. Kata kitunguu cha kachumbari, nyunyiza chumvi, kiache kidogo, uone maji yanavyochuruzika. Hapo uko kwenye utando wa seli. Panda sasa mpaka kwenye dripu: chumvi yake ya asilimia 0.9 imepangwa hivyo ili seli za damu zisinywee wala zisivimbe. Ukimwingizia mtu maji matupu kwenye mshipa, seli nyekundu zinavimba na kupasuka. Panda tena mpaka kwenye pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kukoroga kwa anayeharisha. Sukari iliyomo haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Kwenye utando wa seli za utumbo kuna protini inayopitisha glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji yanafuata nyuma. Njia hiyo inaendelea kufanya kazi hata kipindupindu kinapovuruga mambo mengine. Kwa hiyo mama anapokuambia amekoroga pakiti nzima kwenye glasi moja “ili iwe kali”, unajua mara moja hatari iliyopo: mchanganyiko mzito unavuta maji kuyaleta utumboni badala ya kuyaingiza mwilini, na sodiamu ya damu inaweza kupanda. Unamwonyesha maandishi ya pakiti, unamwonyesha chombo cha lita kama ndicho kilichoandikwa, na unahakikisha nyumbani anacho. Kama hana, mnatafuta naye cha kupimia. Chupa tupu za maji ya dukani zimeokoa wengi hapa.

Kuna mtego mmoja wa jenetiki ambao sisi wa Kilimanjaro na Arusha tunaubeba mdomoni. Ukoo mzima una meno ya kahawia: babu, baba, watoto. Ukimuuliza mwanafunzi, haraka anajibu kwamba wamerithi. Walichoshiriki ni maji. Miamba ya volkano kuzunguka Meru na Kilimanjaro inatoa floraidi nyingi kwenye baadhi ya chemchemi na visima, wakati kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi ikizidi wakati enameli ya meno ya kudumu inajengwa, utotoni, inajengeka vibaya. Ndugu yao wa damu aliyekulia kwingine ana meno meupe. Huyo mmoja anatosha kuitikisa hoja ya kurithi. Kwa mgonjwa, elimu hii ina kazi ya moja kwa moja, kwa sababu watu wengi wanaamini kuchemsha kunasafisha kila kitu. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi inabaki, na maji yakipungua kwa mvuke inakolea zaidi. Mwenye mtoto mdogo ni afadhali akinge maji ya mvua kwa ajili ya kunywa, na apunguze magadi kwenye chakula, maana nayo huweza kuwa na floraidi.

Meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza gameti (seli za uzazi)? Kama una mgomba nyuma ya nyumba, maabara unayo. Ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu za kromosomu, 33 kwa jumla, na seti tatu haziwezi kugawanyika sawasawa kutengeneza gameti nzuri. Ndiyo maana hazina mbegu na tunapanda machipukizi. Mshare ina seti mbili, 22, na bado ndani hukuti mbegu, maana tunda lake linakua bila kurutubishwa. Peleka hilo darasani.

Sasa neno kuhusu kukariri, maana kuna watu wanajivunia kutokukariri. Majina ya hatua za mitosisi, majina ya mifupa, viwango vya kawaida vya damu: kariri tu, hakuna namna, na fanya hivyo kidogokidogo kila siku kwa kufunika kitabu na kuandika unachokumbuka. Mzunguko wa Krebs, sehemu ya njia ya seli kupata nishati, mimi ningekushauri ujue unafanyika wapi, kinachoingia, kinachotoka na kwa nini oksijeni ikikosekana unasimama. Kila kimeng'enya kwa jina lake kisubiri wiki ya mtihani. Na mitihani ya nyuma ifanye, ila baada ya kuelewa. Anayeanza na mitihani ya nyuma anajifunza maswali, na mwaka huo maswali yakibadilika anapata sapu.

Mkifika mafunzo kwa vitendo, simu iwe mfukoni. Mgonjwa aliyekufundisha selimundu hakuomba kuonekana kwenye stetasi yako ya WhatsApp, hata ukimficha uso. Mambo ya makundi ya damu nayo yana mwiko wake: ukishajua kwamba baba wa AB na mama wa O kwa kawaida hawapati mtoto wa O, utatamani kufanya upelelezi wa koo za watu. Acha. Kadi moja iliyoandikwa vibaya imeshavuruga nyumba.

Ukimaliza selimundu, chagua ugonjwa mwingine kulingana na mada iliyo mbele yako. Kisukari kitakupitisha kwenye kongosho, homoni na utando wa seli. Presha itakupa moyo na figo. Malaria itakupa vimelea, kinga na ini. Kwa upumuaji, walio Moshi wana bahati ya kuwa na wapagazi wa mlima mtaani kwao. Muulize mmoja wao mgeni huanzaje kuumwa kichwa na kutapika huko juu, na kwa nini dawa ya uhakika hali ikiwa mbaya ni kumshusha. Hewa ya kileleni, mita 5,895, ina asilimia ileile 21 ya oksijeni kama ya Tanga ufukweni, ila kanieneo (msukumo wa hewa) ni karibu nusu. Andika majibu yake, kisha fungua ukurasa wa hemoglobini na oksijeni, uanze kushuka.