Kufunga barza kwa vioo hapa Goma

Mama, umeuliza kama barza yako inayotazama magharibi uifunge yote kwa vioo, mkae humo hata mvua ikinyesha. Mimi nisingeifunga. Tuko karibu na ikweta: jua la saa sita liko utosini, paa linalizuia. La saa kumi linashuka na kuingia mbele moja kwa moja. Ukiweka vioo hapo umejenga tanuru.

Jenga ukuta mfupi wa mawe ya volkano, kama sentimita 80 (mawe hayo hapa kwetu si ya kutafuta mbali), juu uache wazi, kisha utundike mapazia ya matete upande wa jua. Kioo weka upande mmoja tu, ule unaopigwa na upepo wa mvua. Sakafu iinamie nje, sentimita 1 au 2 kwa kila mita, la sivyo utakuwa unakausha maji kila siku.

Na mabati yapewe mteremko wa kutosha. Majivu ya Nyiragongo, volkano yetu hapa, yakilowa yanakula chuma. Mabati ya barza yangu fundi aliyalaza karibu bapa, yakatoboka kabla ya yale ya nyumba.