Nina HIV na sasa nimeambiwa nina HPV: jibu kwa dada wa Kayole

Dada, umeuliza kama HIV ndiyo inayoleta saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu umemeza dawa miaka tisa bila kukosa, virusi havionekani tena kwenye damu, na bado wiki jana umeambiwa una HPV, yaani virusi vya papiloma vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, ukaona dawa zako zimekwenda bure. Nakujibu kwa kuwa mwaka 2018 nilibeba swali hilohilo kutoka kliniki hadi nyumbani Umoja, nikashindwa hata kupika.

Kwanza pumua. Kuwa na HPV si kuwa na saratani.

HIV yenyewe haileti saratani hii. Inayoileta ni HPV, na Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuligundua hilo. Aina mbili tu, 16 na 18, ndizo zinazohusika na karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Wengi wetu tunaipata HPV, na mwili huifukuza ndani ya mwaka mmoja au miwili bila mtu kujua. Lakini kinga inayotakiwa kuifukuza ndiyo hiyo HIV inaidhoofisha. Basi HPV inakaa. Ikikaa, inatengeneza protini zinazovunja nguvu za walinzi wa seli, na seli isiyo na mlinzi huzaana ovyo. Ndiyo maana hatari kwetu wenye HIV ni kama mara sita ya wenzetu. Mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20 kufika kwenye saratani. Kinga ikiwa chini na dawa hakuna, miaka 5 hadi 10 yatosha.

Dawa zako hazikwenda bure, usiseme hivyo tena. Zimekujengea kinga. Ila zinazuia HIV, haziui HPV, na huenda HPV ilikuingia zamani kabla hujaanza dawa. Mimi nilianza CD4, yaani hesabu ya seli za kinga kwenye damu, ikiwa chini sana, 140, na kwa miaka sita nilichukua dawa kila mwezi bila mtu yeyote pale kunitajia kupimwa mlango wa kizazi. Hilo linaniuma hadi leo. Nilipopimwa hatimaye, muuguzi alipaka siki, doa jeupe likajitokeza, dalili ya seli zilizoanza kubadilika. Walinigandisha pale kwa baridi kali. Maumivu yalikuwa kama ya hedhi, kisha majimaji yakatoka wiki tatu hivi, na mzee wa nyumba akaambiwa asubiri. Tangu hapo narudi kupimwa, na mlango uko safi.

Kuhusu malengelenge ya sehemu za siri uliyowahi kuugua: miaka ya 1970 wanasayansi walidhani virusi vyake, hepesi, ndivyo chanzo chenyewe cha saratani hii. Baadaye HPV ikajulikana. Kuna tafiti zilizokuta hatari ikizidi kwa mwenye hepesi na HPV pamoja, na nyingine hazikukuta kitu. Vidonda vinaweza kufungua njia HPV ifike seli za chini, kwa hiyo naiona kama msaidizi tu. Virusi vya Epstein-Barr navyo hukutwa kwenye baadhi ya uvimbe wa saratani hii, lakini kumkuta mtu karibu na nyumba inayoungua si kusema ndiye aliyeiwasha. Usikeshe kwa hayo mawili.

Kesha kwa tarehe yako ya kuangaliwa. Shirika la Afya Duniani linasema mwenye HIV aanze kupimwa HPV akiwa na miaka 25, si 30 kama wengine, na arudie kila baada ya miaka 3 hadi 5. Wewe umeshakutwa nayo, kwa hiyo usingoje miaka. Nenda uangaliwe mlango mwezi huu. Na binti yako wa darasa la tano apate chanjo. Kenya ilianza kuitoa kwa wasichana wa miaka 10 Oktoba 2019.

Kama unaogopa kwenda peke yako, niandikie faraghani. Jumanne sifungui kibanda, nitakusindikiza.