Kombora la mwaka 1961 na ndege "isiyoonekana"

SWALI: Mhariri shikamoo. Hapa kijiweni kuna mwenzetu kashikilia eti Waserbia waliitungua ile ndege ya Marekani isiyoonekana kwenye rada kwa kombora la enzi za babu zetu, mimi nasema stori tu hizo. Nani kapatia?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mnunulie soda mwenzako. Ilikuwa usiku wa 27 Machi 1999, NATO ndo kwanza imeanza kuipiga Yugoslavia, nchi ya hao Waserbia wakati ule, F-117, ndiyo hiyo "isiyoonekana", ikaanguka karibu na kijiji cha Buđanovci. Rubani aliruka na parashuti, wenzake wakaja kumchukua. Mtambo ulioishusha ni S-125 Neva, mtambo wa Kisovieti wa makombora ya kutungulia ndege, ulioanza kazi 1961.

Sasa hilo neno "isiyoonekana" limekaa kibiashara zaidi. Umbo la F-117 lenye kona kona limetengenezwa kuzikwepa rada za mawimbi mafupi, zile zinazoongoza makombora, lakini jamaa walikuwa pia na P-18, rada ya zamani ya mawimbi ya karibu mita mbili ambayo hizo kona haziisumbui sana. Haikuonyeshi ndege ilipo kwa uhakika ila inakwambia angalia upande ule, hapo ndo unawasha rada ya kuongozea, na shughuli inaanzia hapo maana ukiwasha tu na wewe umeonekana, NATO walikuwa na makombora ya HARM yanayofuata mawimbi ya rada mpaka kwenye antena yenyewe. Kamanda wa kikosi hicho cha Waserbia, Zoltán Dani (baadaye akawa mwoka mikate, ndio, mikate!) aliwabana vijana wake: rada iwake sekunde chache tu, hujapata kitu zima, na kikosi kikawa kinahamahama vita nzima.

Usiku ule walifyatua makombora mawili. Kombora la S-125 halijiongozi, linapokea amri kwa redio toka kwa watu waliokaa chini, na wala si lazima liigonge ndege, likifika karibu linalipuka, vipande vinamaliza kazi.

SWALI: Kwahiyo mitambo mipya ya nini?

JIBU: Kwa sababu kutungua moja moja hakutoshi. Ndege za NATO ziliruka zaidi ya mara 38,000 vita ile, za marubani zilizotunguliwa ni hiyo F-117 na ndege ya kivita F-16 moja. Mabomu hayakukoma. Kuzihamisha Neva zile ni kazi ya kutoa jasho, ndo maana Poland waliipandisha ya kwao juu ya chasisi ya kifaru cha T-55 wakaiwekea na elektroniki za kidijitali, wafyatue waondoke.