Umetoka gerezani, sasa shika randa

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nimetoka kwa msamaha wa Rais wa Desemba 9, nyumbani wananiangalia kama mwizi. Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, wewe sijui. Mimi nilikuwa mwizi kweli.

Nilikuwa mtunza stoo. Nilianza na mifuko 2 ya saruji, nikajiambia nitairudisha mwisho wa mwezi. Siku ya ukaguzi haikuwa 2 tena. Hakimu akanipa miaka 3. Theluthi ikapunguzwa kwa tabia njema, nikatumikia 2. Habari za mahabusu siziongelei.

Nikapangiwa karakana ya useremala. Mtu wa leja na kalamu, randa naishika kama sufuria ya moto! Nyapara alinicheka mpaka akachoka. Ila kitu kimoja hakinitoki: jioni, kabla ya kufungiwa, kila patasi inahesabiwa. Ikikosekana moja, hakuna anayetoka pale. Mwaka wa pili mhesabuji nilikuwa mimi, niliyefungwa kwa hesabu za uongo. Haikupotea hata moja.

Kwa hiyo shika ujuzi. Kama ulijifunzia ufundi ndani, nenda VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu ambaye hakupita darasani. Wateja wangu wakikiona cheti ukutani hawaulizi randa niliishikia wapi.

Ushauri wa pili ni huohuo, shika ujuzi. Usizunguke mtaani ukitangaza umebadilika. Mimi nilizunguka. Nilimwendea mjomba aliyenitafutia ile kazi ya stoo, nikamtolea hotuba nzima. Akanipa nauli ya kurudia. Mpaka leo nikienda kwao, mkewe huondoa pochi mezani. Anadhani sioni.

Na nyie mliotoka, acheni kulialia vijiweni. Mungu hajakutupa, lakini hatakurandia mbao. Amka alfajiri, fanya kazi, kesho amka tena.

Ijumaa nimekabidhi madawati 60 kwenye shule moja ya msingi. Sitini! Mwalimu mkuu akanipa funguo za stoo niyapange mwenyewe. Mikono ikaniganda. Nikamwambia, "Mwalimu, subiri kidogo," nikamsimulia yote pale pale kwenye vumbi.

Akanyamaza, akayatazama madawati.

"Basi ukimaliza kupanga, yahesabu," akasema, akaenda zake darasani.