Kabla hujasoma damu ya broila, uliza ana siku ngapi

Karatasi ya kwanza ya majibu niliyoipata ilisema kuku wangu wana chembe nyeupe nyingi kupita kiasi. Nilikuwa nimepeleka damu kwenye maabara ya kupima watu kwa sababu mashine ilikuwa karibu, nami nilikuwa na haraka. Bandani vifaranga walikuwa wazima, wanakula, wanakimbizana kwenye maranda. Siku mbili nzima nilitafuta ugonjwa ambao haukuwepo.

Wadogo zangu mnaoanza utafiti huu wa damu ya kuku, shikeni hili mapema: chembe nyekundu ya kuku si kama yetu. Ina umbo la yai na ndani yake kuna kiini. Mashine ya damu ya binadamu hupasua chembe nyekundu kisha huhesabu kilichobaki, na kwa kuku kinachobaki ni maelfu ya viini. Vyote huingizwa kwenye hesabu ya chembe nyeupe. Basi hesabuni kwa mkono: dawa ya Natt na Herrick, ambayo inatumika tangu 1952, damu sehemu 1 kwa 200, chumba cha kuhesabia cha Neubauer, yaani kioo chenye miraba midogo, na subira. Himoglobini nayo ina mtego wa namna hiyohiyo. Ukishachanganya damu na dawa ya kupimia himoglobini, izungushe kwanza kwenye sentrifyuji viini vishuke chini. Usipofanya hivyo, ule ukungu wa viini utakupa namba kubwa kuliko ukweli.

Hayo ni ya vifaa, na mtu huyazoea ndani ya wiki moja. Linalowaangusha wengi ni umri.

Chukua kifaranga wa siku moja, tandaza tone la damu yake kwenye slaidi, tia rangi ya Giemsa, angalia kwa hadubini. Utaona heterofili wengi, aina ya chembe nyeupe ambazo ndani yake mna vijipunje vyekundu vilivyochongoka kama punje za mpunga. Rudi kwa kundi hilohilo baada ya wiki mbili au tatu na utakuta limfosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine, ndio waliotawala. Hakuna aliyeumwa wala aliyepona hapo. Ni kinga ya mwili inakua. Tangu watafiti Gross na Siegel waandike mwaka 1983, uwiano wa heterofili kwa limfosaiti umekuwa kipimo maarufu cha msongo kwa kuku, na ni kipimo kizuri sana ukilinganisha kuku wa umri mmoja. Lakini nimeshasoma rasimu ya mwanafunzi aliyelinganisha siku ya 1 na siku ya 21, akaandika kwamba chakula chake cha majaribio kimepunguza msongo. Kazi ya miezi, na alichokipima ni umri tu.

Chembe nyekundu nazo zina safari yake. Zetu huishi kama siku 120. Za kuku huishi takribani siku 28 hadi 35. Maana yake broila anayefika siku ya 42 amekwisha kubadilisha karibu chembe zote alizoanguliwa nazo. Katika siku za mwanzo mwili hukua kwa kasi kuliko uwezo wake wa kutengeneza chembe mpya, kwa hiyo usishangae PCV, yaani sehemu ya damu inayokaliwa na chembe nyekundu, ikishuka kidogo kabla ya kupanda tena. Kwa kuku mkubwa mwenye afya tunategemea asilimia 22 hadi 35 hivi. Kifaranga wa wiki ya kwanza aliye karibu na mpaka wa chini usimwite mgonjwa kabla hujalinganisha na wenzake wa siku hiyohiyo.

Kwenye majimaji ya damu, siku za mwanzo kolesteroli huwa juu kwa sababu kifaranga bado anafyonza kiini cha yai alichobaki nacho tumboni. Protini hupanda kadiri anavyokua. Kinga aliyopewa na mama hupungua siku hadi siku, nayo ikiwa bado juu huizuia chanjo, ndiyo maana siku ya kuchanja Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku, hubishaniwa sana.

Sasa uchukuaji wenyewe. Pima uzito kwanza. Usivuke asilimia 1 ya uzito wa mwili: kifaranga wa gramu 40 anakupa mililita 0.4, basi. Usimtoboe huyohuyo kila baada ya siku mbili, maana utamshushia PCV wewe mwenyewe kisha uandike kwamba ni ukuaji. Tumia vichupa vidogo pia. Tone dogo kwenye chupa kubwa ya EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, hukutana na dawa nyingi, chembe zinasinyaa, na PCV inashuka bila sababu. Kwa wakubwa, mlaze ubavu, lowesha manyoya chini ya bawa kwa spiriti, utaona mshipa wa buluu unapita juu ya kiwiko. Sindano ya geji 23, mkono mwepesi, vuta polepole. Ukivuta kwa nguvu mshipa unajifunga. Ukimaliza bana kwa pamba dakika nzima, la sivyo bawa litavimba damu. Slaidi itandaze palepale bandani, usisubiri kufika maabara.

PCV ikiwa juu mno, angalia vinyweshea kabla ya kitu kingine. Maji yakikatika mchana wa joto, damu huwa nzito na namba huwa nzuri kwa uongo. Mahali pa juu ni habari nyingine: kule Njombe hewa ni nyepesi na baridi ni kali, mwili huongeza chembe nyekundu ili upate oksijeni, moyo wa kulia unaelemewa, na broila wanaokua haraka hujaa maji tumboni. Namba za mahali pa chini kama Morogoro usizihamishie huko.

Umri andika kwa siku, si kwa wiki. Uandike kwa wino usiofutwa na spiriti, ubavuni mwa chupa. Mimi niliwahi kuandika kwenye vifuniko, navyo vikabadilishana nilipovifungua vyote kwa pamoja. Damu za siku ya 7 na ya 14 zikachanganyika, nikalazimika kusubiri kundi jingine la vifaranga.